Viwanja vya gofu vifunguliwe ardhi ikiwa tayari, na wanachama waelezwe mapema

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalozua manung'uniko kila mwaka katika vilabu vya gofu kuanzia Nakuru hadi Kisumu na kutoka Kericho hadi Kitale. Jambo lenyewe ni namna viwanja vinavyofungwa, vinavyotengenezwa na kufunguliwa tena wakati kiangazi kinapoisha na mvua ya masika kuanza. Nimecheza gofu katika eneo hili kwa miaka mingi, nimehudumu katika kamati ya uwanja, na kabla ya kustaafu kazi yangu ilikuwa ya kilimo. Ninaloomba ni kwamba uamuzi wa lini uwanja ufunguliwe utokane na hali ya udongo na nyasi, wala usitokane na kalenda ya mashindano, na kwamba hali hiyo ielezwe kwa wanachama wote mapema na mara kwa mara, hata pale ambapo habari yenyewe haifurahishi.

Wenzetu wa nchi za baridi wana desturi inayofaa tuitazame kwa makini. Huko Kanada, katika nchi za Skandinavia na katika majimbo ya kaskazini mwa Marekani, viwanja hufunikwa na theluji kwa miezi kadhaa, na majira ya kuchipua yanapokaribia kila mwanachama huingoja kwa hamu siku ya kufunguliwa. Hata hivyo, msimamizi wa uwanja hafungui kwa sababu tu jua limetoka. Hukagua grini, yaani sehemu ya nyasi fupi iliyozunguka shimo, moja baada ya nyingine akitafuta madoa ya kuvu inayoota chini ya theluji, huchomoa vipande vidogo vya udongo kuona kama barafu imeyeyuka hadi chini, kisha husubiri. Udongo wa juu ukiyeyuka huku wa chini ungali umeganda, maji hukosa pa kupitia, tabaka la juu hulegea kama uji, na mtu akilikanyaga mizizi hukatika pale ulaini unapokutana na ugumu. Vivyo hivyo, asubuhi yenye jalidi hakuna anayeruhusiwa kukanyaga grini, kwa kuwa jani lililoganda likikanyagwa seli zake hupasuka, na baadaye nyayo za mtu huonekana juu ya nyasi zikiwa na rangi ya kahawia.

Jambo la kuigwa zaidi ni kwamba vilabu vinavyoendeshwa vizuri katika nchi hizo havingoji siku ya ufunguzi ndipo viseme. Huanza kuwaandikia wanachama theluji ikiwa bado ipo, vikieleza kilichoonekana katika ukaguzi, ni grini zipi zimeumia, kama magari madogo ya gofu yataruhusiwa tangu siku ya kwanza au yatasubiri ardhi ikauke, na ni hali gani itakayowafanya waongeze au wapunguze siku za kungoja. Mwanachama anayepata maelezo hayo hukasirika kidogo kwa kuwa hachezi, lakini hamshuku mtu.

Hata viwanja vinavyosifika kote duniani havioni haya kufunga. Augusta National kule Georgia, panapochezwa mashindano ya Masters kila Aprili, hufungwa kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Oktoba. Uwanja mkongwe wa St Andrews nchini Scotland, ule uitwao Old Course, kwa kawaida hauchezwi siku ya Jumapili. Siku hiyo nyasi hupumzika na watu wa mji hutembea humo na jamaa zao. Katika miezi ya baridi wachezaji wanaofika huko kutoka pande zote za dunia huambiwa waweke mpira juu ya mkeka mdogo kabla ya kuupiga kutoka kwenye feawei, yaani ukanda wa nyasi unaoelekea kwenye grini, nao hutii, kwa sababu wameelezwa mapema kwamba nyasi wakati huo hazina nguvu ya kuziba jeraha la gongo. Ikiwa viwanja hivyo vyenye fedha na wataalamu vinahitaji kupumzika, sioni kwa nini kamati ya kilabu cha mashimo tisa katika nyanda zetu iogope kutamka kwamba grini ya nne itafungwa kwa majuma matatu.

Sisi hatuna theluji. Tunaishi karibu na mstari wa ikweta, unaopita Maseno, na mchana wetu ni wa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima. Nyasi za kwetu haziachi kukua kwa sababu ya baridi, bali kwa sababu ya kiu. Kuanzia Desemba hadi Februari feawei za Nakuru hugeuka rangi ya majani makavu, udongo hushikamana chini ya miguu ya wachezaji na magurudumu ya mashine, na sehemu zinazopitiwa na kila mtu, kama vile kando ya tii, yaani mahali pa kupigia mpira wa kwanza wa kila shimo, na njia zinazoelekea kwenye grini, hubaki wazi kabisa. Kisha mvua huja Machi au Aprili, na katika majuma machache uwanja uliokuwa umekauka hujaa uhai. Majuma hayo ndiyo majira yetu ya kuchipua, na namna tunavyoyatumia ndiyo huamua tutacheza juu ya nini mwaka mzima.

Kosa la kwanza ninaloliona ni kudhani kwamba ratiba moja inaweza kufaa vilabu vyote vya eneo hili. Nakuru iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,850, chini ya mlima Menengai, na udongo wake mwingi umetokana na majivu ya volkano. Maji hupenya upesi, na shida kubwa ni kukauka. Kisumu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,130, kuna joto zaidi, na upande wa tambarare za Kano udongo ni ule mfinyanzi mweusi ambao hupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi na kuvimba unapolowa, hata ukazuia maji yasipite. Kakamega hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, karibu maradufu ya Nakuru. Kitale na Eldoret mvua ikianza huendelea hadi Agosti na zaidi, ilhali Kericho na Nandi hazina kiangazi cha kweli kama tukijuacho sisi wa Bonde la Ufa, na mvua ya mawe huko ni jambo la kawaida. Kwa wale wa Kisumu, ziwa nalo lina neno lake: mwaka wa 2020, na tena mwaka wa 2024, maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi viwango vya juu mno, na ardhi ya ufuoni iliyokuwa ikitumiwa miaka yote ikafunikwa. Kamati inayonakili tarehe za kilabu jirani bila kuangalia udongo wake inafanya kazi ya kubahatisha.

Naomba sasa nieleze kwa urefu kidogo kinachofanyika uwanjani wakati huo, kwa sababu naamini manung'uniko mengi yangeisha kama wanachama wangekifahamu.

Grini ndiyo sehemu inayokatwa fupi kuliko zote, aghalabu kati ya milimita tatu na nne, na ndiyo inayokanyagwa na kila mchezaji bila kukosa. Baada ya mwaka mmoja wa kukanyagwa, chembe za udongo wake hubanana, nafasi zinazobeba hewa na maji huzibika, na chini ya majani hujengeka tabaka la mashina na mizizi iliyokufa ambalo hunyonya maji kama godoro na kuyazuia yasifike chini. Dawa yake ni kutoboa. Mashine yenye meno matupu huchomoa vijiti vya udongo vyenye upana wa kama sentimita moja na urefu wa sentimita tano hadi nane au zaidi, vikaondolewa, kisha mchanga safi ukamwagwa na kufagiwa hadi matundu yote yajae. Kwa mwanachama anayefika Jumamosi na kukuta maelfu ya matundu na mchanga juu ya grini aliyoizoea ikiwa laini, hilo huonekana kuwa uharibifu. Ukweli ni kwamba matundu hayo ndiyo njia ya mizizi kupata hewa. Yakitobolewa wakati nyasi zinakua kwa nguvu, yaani joto lipo na unyevu upo, huziba katika majuma mawili au matatu. Yakitobolewa katikati ya kiangazi, huweza kubaki wazi kwa zaidi ya mwezi na nyasi za pembeni zikakauka. Ndiyo maana kazi hii hufanywa mwanzoni mwa mvua, wakati ule ule ambapo wachezaji wanatamani kurudi uwanjani kwa wingi. Mgongano huo hauepukiki, na dawa yake pekee ni kuueleza kabla haujatokea.

Kwenye feawei hali ni tofauti. Nyingi katika nyanda zetu za juu zimeota nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni milima ya Afrika Mashariki na ambazo leo zinachezewa gofu hata kwenye uwanja wa Riviera mjini Los Angeles. Nyasi hizi hutambaa juu na chini ya ardhi, zikipona haraka zinapopata maji, na mvua ikinyesha kwa majuma mawili mfululizo huweza kurefuka kuliko mashine inavyoweza kuzifuata, hasa kwa kuwa mashine nzito haiwezi kuingizwa kwenye ardhi iliyolowa bila kuacha mitaro. Ardhi ikikauka kidogo, mtunza uwanja hushinikizwa azikate mara moja zirudi kimo chake cha kawaida. Huo ni ushauri mbaya. Kanuni ya kale ya utunzaji wa nyasi ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mkato mmoja, kwa sababu jani ndilo jiko la mmea, na ukiliondoa lote mmea hutumia akiba ya mizizi kulijenga upya. Nyasi za Kikuyu zikikatwa chini ghafla hubaki mashina matupu ya rangi ya manjano. Zinapaswa kuteremshwa hatua kwa hatua, mkato baada ya mkato, na katika kipindi hicho mpira hautabingirika mbali. Mwanachama aliyeambiwa hivyo atachukua gongo jingine na kuendelea na mchezo wake. Asiyeambiwa atasema wafanyakazi wamelala.

Kuna pia wadudu. Wakulima wa mahindi wanawafahamu viwavijeshi, lakini wanagofu wengi hawajui kwamba viwavi hao hufuata mvua za kwanza baada ya ukame na kwamba chakula chao ni mimea ya jamii ya nyasi, pamoja na hizi tunazochezea. Huweza kumaliza sehemu kubwa ya feawei katika siku chache. Dawa ikinyunyizwa, eneo lazima lifungwe kwa muda ulioandikwa kwenye kibandiko cha dawa yenyewe, na hapa taarifa inahusu afya ya watu kabla ya kuhusu mchezo. Bango la kuonya lazima liwekwe pale pale, na liandikwe kwa Kiswahili, maana wanaopita hapo alfajiri ni wafanyakazi na makedi, yaani wabeba mikoba ya wachezaji, na mara nyingine ni jirani anayekatiza njia.

Nirejee kwenye suala la kukanyaga ardhi iliyolowa, kwa kuwa hapo ndipo hasara kubwa hufanyika, na hufanyika bila mtu kuiona. Udongo mkavu huweza kubeba uzito wa mtu bila kubadilika sana. Udongo uliolowa chembe zake huteleza na kusogeleana, na hewa iliyokuwa kati yake hufukuzwa. Mizizi isiyopata hewa huoza, na wiki tatu baadaye, wakati kila mtu amekwisha kusahau shindano lililochezwa siku ile ya tope, madoa ya manjano hujitokeza na watu huanza kuuliza mbolea ilikwenda wapi. Nimewahi kuona shindano la mfadhili likilazimishwa juu ya uwanja uliojaa maji katika kilabu kimojawapo cha magharibi, ambacho sitakitaja, kwa sababu kadi za mwaliko zilikuwa zimekwisha kutumwa. Msimamizi wa uwanja alipinga, akanyamazishwa. Grini tatu za upande wa bondeni hazikurudi katika hali yake hadi mwaka ukaisha, na lawama zote zilimwangukia yeye.

Kutokana na hayo, naona ni haki msimamizi wa uwanja apewe mamlaka ya mwisho ya kusema uwanja uko wazi au umefungwa, na uamuzi wake wa asubuhi usitenguliwe na nahodha, na mwenyekiti, wala na mfadhili. Mkataba wa ufadhili uandikwe tangu mwanzo ukiwa na tarehe ya akiba. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa msimu wa masika kabla haujaanza, na baadaye hutoa utabiri wa siku chache chache. Kamati inayopanga ratiba ya Machi hadi Mei bila kuusoma haina sababu ya kulalamika kwamba mvua imeivamia.

Sasa kuhusu taarifa zenyewe. Katika vilabu vingi tulivyonavyo, taarifa ni karatasi moja iliyobandikwa kwenye ubao karibu na baa, yenye maneno machache: uwanja umefungwa hadi tangazo lingine. Maneno hayo hayamsaidii mtu yeyote. Mwanachama anayeishi Naivasha au Molo hawezi kuusoma ubao huo kabla ya kufunga safari, na anayeusoma haelewi kama angoje siku mbili au miezi miwili. Mimi mwenyewe nimesafiri kutoka Nakuru pamoja na wenzangu kwenda kucheza ng'ambo ya pili ya Mau, tukafika na kukuta lango limefungwa, na bawabu, aliyekuwa mtu mwenye adabu sana, hakuwa ameambiwa chochote cha kutueleza. Simu ya ofisi haikupokelewa. Mafuta ya gari na muda havikuniuma sana kama kule kuona kwamba hakuna aliyefikiri kuwa tulistahili ujumbe mfupi, ingawa tulikuwa tumeandikisha majina yetu siku kadhaa mapema.

Taarifa nzuri haihitaji fedha. Karibu kila mwanachama ana WhatsApp, na asiyekuwa nayo ana simu ya kupokea ujumbe wa kawaida. Ninachopendekeza ni kwamba kila kilabu kiwe na siku moja maalumu katika juma, tuseme Alhamisi jioni, ambapo msimamizi wa uwanja, kwa jina la kilabu, anatuma maelezo mafupi: kazi iliyofanyika, kazi inayofuata, mashimo yaliyo wazi na yaliyofungwa, kimo cha nyasi kwenye grini, kiasi cha mvua kilichopimwa kwenye kipima mvua cha kilabu, na anachokitazamia wiki ijayo. Aambatanishe picha mbili au tatu zilizopigwa siku hiyo hiyo. Kama hakuna jipya, aseme hakuna jipya na ataje siku atakayosema tena. Ukimya wa wiki moja hujazwa na uvumi, na uvumi katika kilabu cha gofu husafiri haraka mno: mara fedha za mbolea zimeliwa, mara ardhi inataka kuuzwa. Nimeyasikia yote mawili, na mara zote sababu ya kweli ilikuwa kwamba mchanga uliokuwa umeagizwa haujafika.

Lugha ya taarifa pia ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Kamati zetu zimezoea kuandika kwa Kiingereza cha ofisini, kilichojaa maneno ya kitaalamu, ambacho hata daktari au wakili aliye mwanachama hakielewi vizuri kwa kuwa si fani yake. Andikeni kwa Kiswahili kinachoeleweka, na Kiingereza kikihitajika kifuate. Badala ya kutangaza kwamba grini zinafanyiwa matengenezo ya msimu, semeni kwamba grini ya kwanza hadi ya tisa zitatobolewa na kumwagiwa mchanga Jumatatu na Jumanne, kwamba mpira utaruka-ruka kwa takriban majuma mawili, na kwamba mvua ikikosekana muda huo utaongezeka.

Hapa lazima niwataje makedi, kwani barua za wanachama huwasahau. Kijana anayebeba mikoba hulipwa kwa raundi, na uwanja ukifungwa hana mshahara unaomngoja mwisho wa mwezi. Wengi wao wana watoto wanaosoma. Mwanachama akikosa kuambiwa, hupoteza mchezo. Kedi akikosa kuambiwa, huamka alfajiri, hulipa nauli ya matatu kutoka mtaani kwake na kurudi bila chakula cha jioni. Kilabu kinachojua mwezi mmoja mapema kwamba kitafunga kina uwezo wa kuwaambia makedi mapema vilevile, ili mtu atafute kibarua shambani wakati huo wa kupanda, na kina uwezo wa kuwaajiri baadhi yao kwa siku hizo katika kazi yenyewe: kukusanya vijiti vya udongo, kufagia mchanga, kuzibua mifereji, kung'oa magugu kwenye banka, yaani mashimo ya mchanga. Kazi hizo zinahitaji mikono mingi kwa muda mfupi, na hakuna wanaoufahamu uwanja kuliko wao. Nimeona utaratibu huo ukifanya kazi, na ningependa uwe desturi katika kila kilabu.

Siku ya kufungua ikifika, lipo bado la kusema. Uwanja uliofunguliwa baada ya mvua haujakamilika, na kanuni za gofu zinalijua hilo. Maji yaliyotuama kwa muda na sehemu iliyowekewa alama kuwa inatengenezwa humpa mchezaji nafuu bila adhabu, na kamati inaweza kutumia kanuni ya uwanja inayoruhusu mpira uinuliwe, usafishwe na kuwekwa tena kwenye feawei. Lakini kanuni hiyo haijitumii yenyewe. Kamati isipoitangaza waziwazi, ikitaja ni sehemu gani na ndani ya umbali gani, wachezaji wa kundi la kwanza watainua mpira na wa kundi la tano hawatainua, na alama zote za siku hiyo zitakuwa na walakini. Chokaa nyeupe kuzunguka sehemu mbovu, karatasi moja kwenye tii ya kwanza na ujumbe mmoja kwenye simu vinatosha.

Lipo pia suala la radi, ambalo kwa wakazi wa Kakamega, Kisii na pande zote za ziwa halihitaji utangulizi. Mvua za alasiri huko hujengeka haraka, na mchezaji aliye katikati ya feawei ameshika gongo la chuma yuko mahali pabaya kuliko pote. King'ora kikilia mchezo lazima usimame mara moja, bila kumalizia shimo. Kabla ya uwanja kufunguliwa kila msimu, king'ora kijaribiwe, na wachezaji, wafanyakazi na makedi wajulishwe mlio wake una maana gani na wakimbilie jengo lipi. Mti mkubwa si kimbilio.

Najua wapo wanakamati watakaosema kwamba ukiwaeleza watu ubovu wa uwanja wao watakwenda kucheza kwingine, na kilabu kitapoteza ada za wageni katika miezi ambayo tayari ni migumu. Hoja hiyo naiheshimu, kwa kuwa nimeziona hesabu za vilabu vidogo na najua jinsi dizeli ya mashine inavyotafutwa. Lakini mgeni anayelipa ada kamili na kukuta grini zilizojaa mchanga bila kuonywa harudi tena, na huwaambia wenzake wanne. Anayeambiwa ukweli na kupunguziwa ada kwa majuma hayo mawili hucheza, akaondoka akijua kwamba akirudi Juni atakuta uwanja mzuri. Wapo pia wanaotazama mashindano ya Kenya Open kwenye televisheni, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1967 na ambayo siku hizi huchezwa Nairobi kabla ya masika, kisha wakauliza kwa nini grini zao hazifanani na zile. Nao wanastahili jibu lenye adabu: kwamba uwanja wa mashindano hayo huandaliwa kwa miezi mingi, kwa bajeti na wafanyakazi tusiokuwa nao, na kwamba grini yenye kimo cha milimita nne inayopumua ni bora kwetu kuliko ya milimita tatu inayokufa.

Wanachama nao wana wajibu. Alama inayoachwa na mpira unapotua kwenye grini ikirekebishwa papo hapo hupona katika siku chache. Ikiachwa huchukua majuma. Kamba ya kuzuia njia ikiwekwa, isirukwe. Na mtu akiwa na malalamiko, ayapeleke kwa kamati kwa maandishi, asimkaripie mfanyakazi anayesukuma mashine, ambaye hakupanga ratiba na hana uwezo wa kuibadilisha.

Ninaviomba basi vilabu vya Nakuru, Njoro, Kericho, Nandi, Kisumu, Kakamega, Eldoret na Kitale vifanye jambo moja kabla ya masika yajayo: ifikapo mwisho wa Januari, kila kimoja kiwatumie wanachama, wafanyakazi na makedi wake ratiba ya kazi za uwanja ya Machi hadi Mei, ikionyesha ni mashimo yapi yatafungwa na kwa sababu gani, hali gani ya ardhi itakayoruhusu kufunguliwa, nani mwenye uamuzi wa asubuhi, na namba ya simu itakayopokelewa kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ratiba hiyo ikibadilishwa na mvua, na bila shaka itabadilishwa, mabadiliko yatumwe siku hiyo hiyo.

Wako mwaminifu,
Mwanagofu na afisa wa kilimo mstaafu,
Njoro, Kaunti ya Nakuru